Vigae vya Kaburi la Baba Yako

Mwanangu Rama,

Tumeshasalimiana asubuhi humu ndani, shikamoo ukatoa na marahaba nikaitikia, kwa hiyo sitapoteza karatasi kukuuliza hali. Wewe uko Chang'ombe, upande wa pili wa mji wetu, kwa shangazi yako Mwajuma unaaga, na ninavyomjua wifi yangu, hakuachii mpaka umekula mara mbili. Nimefunga duka mapema nimekaa hapa sebuleni. Begi lako limesimama mlangoni kama mgeni aliyekataa kuketi. Nimeligeuzia mgongo ndiyo naandika.

Mambo ya soksi, ya baridi, ya kula vitu usivyovijua, hayo sisemi. Mwajuma atakuwa ameyasema yote, na mengine ameyatunga. Mimi nina jambo moja tu. Uliniuliza swali nikakujibu vibaya, na kesho unapanda ndege.

Unalijua swali lenyewe. Tulikuwa tunakula ugali na mlenda, wewe una furaha ya barua ya chuo, unaniambia utakwenda Uholanzi kusomea udongo. Nikasema moyoni, huyu kweli mtoto wa Salimu, anavuka bahari kufuata udongo wakati umejaa Kondoa nzima. Halafu ukanionyesha simu. Kuna msitu huko, ukasema, watu wanazikwa ndani yake. Hakuna jeneza la kupaka vanishi, hakuna saruji, hakuna jiwe la kuandikwa. Mtu anafungwa kitambaa cha pamba, analazwa ardhini, majani yanaachwa yaote juu. Wanafanya hivyo ili wasiiumize ardhi.

Nilicheka mpaka mlenda ukanipalia. "Wazungu wamegundua sanda!" nikasema. "Na wanalipisha?"

"Wanalipisha sana, mama."

Loo! Mimi ninayeuza bafta ya sanda tangu hujazaliwa, nikaona kumbe nimekaa juu ya mali. Tukacheka wote wawili. Ungeishia hapo, Rama, tungelala vizuri.

Lakini wewe ukianza huishi. Ukaniambia kuna nchi nyingine maiti anawekwa kwenye sanduku pamoja na nyasi kavu na vipande vya mbao, hewa inapitishwa, baada ya wiki kadhaa anakuwa udongo, na ndugu wanaugawana wanakwenda kuutia kwenye maua. Kicheko kikanikauka. Ukaniambia kuna wanaoyeyushwa kwa maji yenye dawa. Ukanieleza na sababu: kuchoma maiti kunakula gesi na kutoa moshi, majeneza yanakula miti, makaburi ya saruji yanaikaba ardhi. Nikasema, "Astaghfirullah, mtu si samadi!"

Nawe, kwa upole ule ule wa baba yako uliokuwa unanitia wazimu, ukasema, "Mama, kwani sisi kule chini tunakuwa nini?"

Na mtu asiye na jibu, mwanangu, hutafuta ugomvi. Ukaniongezea: "Lile kaburi la baba tulivunje kabla ya mvua. Na wewe mama, Mungu apishe mbali, ikitokea mimi niko huko, unataka tufanyeje?" Nikapiga bakuli mezani. Nikakwambia, "Unanizika na mimi nipo hai? Nenda huko Uholanzi ukawazike wenzio!" Tangu siku ile humu ndani ni shikamoo na marahaba tu.

Haya. Sasa nakujibu. Usitegemee jibu lililonyooka, maana mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Kwanza hivyo vigae. Wewe unaviona ni ujinga wa mama yako. Ni kweli, lakini ujinga nao una asili yake. Siku baba yako alipotutoka, wewe ulikwenda naye kijijini kwao Kolo. Ulipanda gari pamoja naye, ukaswali nyuma yake, ukaingia kaburini na wajomba zako, ukampokea kwa mikono yako, ukamlaza kwenye mwanandani, lile shimo dogo la chini, ukapanga mbao, ukatia udongo. Ukarudi hapa na matope kwenye kanzu, umekonda, lakini umetulia. Mimi nilimwona akitoka getini. Basi. Jeneza la msikiti limefunikwa lile shuka la kijani, wanaume wanapokezana mabega, geti likafungwa. Jioni jeneza likarudishwa msikitini likimsubiri mwingine, mimi nikaingizwa eda.

Miezi minne na siku kumi, Rama, mtu amekaa chumbani na kanga nyeupe. Unamtafuta mtu aliyetoka getini. Watu wanakwambia "amezikwa", na wewe unaitikia "alhamdulillahi", lakini moyo unauliza, wapi? Vipi? Amelala vizuri? Mimi sikuona hata konzi moja ya udongo. Kwangu alikuwa kama amesafiri bila kuaga.

Ndipo nikapiga simu kwa baba yako mdogo Shabani. "Shemeji, lijenge. Weka saruji, weka vigae."

"Vigae gani, shemeji?"

"Vile vizuri!"

Shehe alisikia akanipigia. Akaniambia kwa adabu, "Mama Rama, kaburi huinuliwa kidogo lijulikane lisikanyagwe, inatosha. Saruji ya nini?" Nikamjibu inshallah, nikakata simu nikamtumia Shabani hela ya vigae. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi sikuvunjika guu. Nilivunja kitu kingine, nitakwambia.

Nilipotoka eda nikaenda kuona. Mama yangu! Vigae vyeupe vina maua ya buluu. Dukani Kondoa walibakiwa na hivyo tu, Shabani akaona ndivyo "vile vizuri". Kaburi la baba yako likafanana na bafu la gesti. Nawe ulikuwa pembeni yangu, nikakuona unavyouma midomo. Lakini mimi sikucheka. Nilipiga magoti nikaweka shavu juu ya kigae, kilikuwa cha baridi na kigumu, nikasema, aa, kumbe yuko hapa. Siku ile ndiyo niliyoanza kulala usingizi tena. Kwa hiyo uliposema "tulivunje" mimi nilisikia unataka kuvunja usingizi wangu.

Kuna la pili ambalo hulijui. Si siri, ni kwamba hukuniuliza.

Bafta ziko aina nyingi dukani kwangu. Kuna ya pamba tupu, ina rangi kidogo ya maziwa yaliyolala, ikishikwa inakunjamana. Na kuna ile inayong'aa, nyeupe pee, iliyochanganywa nailoni. Kuzijua ni rahisi, unachomoa uzi unauwasha. Wa pamba unakuwa jivu ukiupuliza unapotea. Ule mwingine unajikunja, unakuwa kidonge kigumu cheusi kama ushanga, unanuka plastiki. Wateja wengi wanapenda inayong'aa. Mfiwa hataki kuambiwa kampa mtu wake kitambaa hafifu.

Siku ya msiba wa baba yako waliponiuliza, "Mama Rama, sanda ipi?" mimi mwenyewe, mwenye duka, ninayejua, nilisema chukueni ile inayong'aa kuliko zote. Nilitaka awe mweupe. Nilitaka watu wa Kolo wakimwona wajue alikuwa na mke. Sasa wewe unakuja na simu yako kuniambia pamba inaoza na nailoni haiozi, inakaa ardhini miaka na miaka. Nikakusikiliza huku nakula mlenda, na ndani nasema, Mariamu, umemvisha mumeo plastiki, kisha ukamfunika kwa vigae vya bafu.

Na nani? Baba yako! Wewe ulimkuta ameshazeeka, hukumwona enzi zake, bwana shamba kijana na viatu vyake vya mpira, anapanda na kushuka vilima vya Kondoa anawafundisha watu kujaza mawe kwenye makorongo, anapanda makatani kwenye kingo, anagombana na wenye mbuzi. Tulipooana harusi ilichelewa kwa sababu bwana harusi aliona korongo jipya njiani akashuka kulipima. Alikuwa akisema, "Mariamu, ardhi haina mdomo, lakini inasema." Mimi nikimjibu, nawe una mdomo, mbona hunisemeshi mimi? Alikuwa hapendi kitu chochote kilichofunika udongo usinywe maji. Hata uani hapa alikataa nisiweke zege, nilihangaika na tope miaka yote.

Yeye ndiye niliyemwekea zege.

Sasa lile korongo la pale makaburini. Uliniambia mwaka jana, nikasema chokochoko zako. Shabani aliniambia, nikasema wivu. Mvua ikipiga juu ya vigae haina pa kuingia, inateremka yote kwa pamoja, na unalijua lile eneo lilivyo mteremko. Mwaka wa kwanza ulikuwa mstari tu. Mwaka wa pili mfereji. Mwaka huu mtu mzima anaingia mpaka magotini, na kichwa cha korongo, kule juu linakoanzia, kimefika kwenye kaburi la bibi yako. Mtu aliyepigana na makorongo maisha yake yote nimemfanya, akiwa maiti, achimbe korongo kuelekea kwa mama yake mzazi. Hilo ndilo nililovunja.

Alhamisi nilikwambia nakwenda kupokea mzigo wa vitambaa. Hakukuwa na mzigo. Nilipanda basi la Babati nikashuka Kolo.

Shabani nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipomwambia nimekuja kuvunja vigae aliweka gunzi chini. Akasema, "Shemeji, lile kaburi si chandarua, kwamba ukikichoka unakikunja." Akasema tena, "Nilipanga vile vigae juani, mtoto wangu ana homa ndani, kwa sababu wewe ulikuwa unalia kwenye simu. Leo unataka nivunje?" Nikamwambia, "Shemeji, nilikosea. Na wewe ulikosea kunisikiliza." Akacheka bila kupenda, akaenda kuchukua sururu.

Pigo la kwanza, kigae kimoja kikapasuka katikati ya ua. Mimi nikapiga kelele, "Polepole, utamuumiza!"

Shabani akaacha sururu hewani. Akaishusha. Tukatazamana, tukacheka, wallahi tulicheka mpaka tukakaa chini, halafu sijui nani alianza, tukawa tunalia. Ndugu yake yule, mwanangu. Na yeye hakuwa amelia siku ya maziko, aliniambia, alikuwa anahesabu mbao zisije zikapungua.

Tulipoondoa zege, chini yake udongo ulikuwa mkavu kama unga. Mvua zote zilizonyesha tangu afe hazikumgusa. Nikauchota mkononi ukapeperuka. Wewe ulinieleza kwamba udongo usipopata maji na hewa haufanyi kazi yake, vile vidudu vyake vinalala. Basi nikasimama pale na swali ambalo sikuweza kumuuliza Shabani, wala shehe, na wewe nakuandikia tu sitaki unijibu: huko chini yukoje? Nataka kujua na sitaki kujua. Sanda siwezi kuibadilisha, maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba msamaha kwa sauti, na Shabani akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kifusi hatukukitupa. Tulikibeba kwa karai, mimi na umri wangu huu, tukakipanga ndani ya lile korongo, kuanzia kwa bibi yako kwenda chini, mawe makubwa mbele, madogo nyuma, kama marehemu alivyokuwa akifundisha. Kwa hiyo ukipita pale siku moja utaona maua ya buluu yanachungulia korongoni. Usishangae. Kaburi lenyewe sasa ni kichuguu cha udongo na mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Ndiyo maana kidole changu kina plasta. Nilikudanganya nimekatwa na mkasi.

Ungedhani nimerudi nimetulia. Hata! Nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Kwenye basi nilikuwa nikijiuliza: kama sanda ya pamba na udongo mtupu ndio bora, na wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo siku zote, sisi tulipata wapi hii hamu ya saruji? Na kama mwisho wa yote ni udongo, yule wa kwenye sanduku la nyasi amekosa nini? Nikapita kwa shehe. Akanisikiliza mpaka mwisho, maskini, chai yake ikapoa. Akasema, "Mama Rama, mwanadamu ana heshima yake akiwa hai na akiwa maiti. Aoshwe, avishwe, aswaliwe, azikwe. Hayo ya wengine mwachie Mungu." Nikamuuliza, na saruji je? Akatabasamu. "Hilo nilishakwambia."

Basi mimi sitaki sanduku la nyasi, Rama, na wala sitaki maji ya dawa. Sina hoja ya kukushinda. Nataka tu kuoshwa na mikono ya mtu anayenijua, Mwajuma akiwa hai ni yeye, na maneno yake mengi ataniosha nayo. Lakini siwacheki tena wale watu. Nimewaza kwamba labda nao wamechoka kukaa na wafu wao kwenye saruji, wanatafuta njia ya kuwarudisha mahali, na hawakuwa na bibi wa kuwaonyesha. Huko uendako ukiwaona wasikilize vizuri. Usiwaambie "sisi tulijua zamani." Tulijua, na tukaweka vigae.

Sanda yangu iko kwenye sanduku la mbao, chini ya kanga za harusi. Ni ya pamba tupu, ile ya rangi ya maziwa. Uzi wake nimeuwasha mwenyewe jana, ukawa jivu, nikaupuliza. Atakayesema "hii imefifia, tununue nyingine" mwambie mwenye duka ndiye aliyechagua.

Sasa linakuja lile gumu, ndilo lililonifanya nipige bakuli mezani.

Siku hizi mtu akiwa na mtoto ng'ambo, akifa anasubirishwa. Anawekwa kwenye friji, wiki, wengine na zaidi, umeme unaunguruma, watu wamekaa msibani wanapikiwa, wanangojea viza na tiketi. Unamkumbuka mzee wa nyumba ya kona. Mwanawe alifika amechoka, akafunuliwa uso, akarudi nyuma. Aliniambia baadaye, "Mama, alikuwa wa baridi kama samaki." Mimi sitaki. Nikifa asubuhi, alasiri niwe Kolo kando ya baba yako, nikiwa bado na joto la nyumbani kwangu. Ardhi haikatai mtu kwa sababu mwanawe hajafika. Mjomba wako Iddi ataingia kaburini kunipokea.

Yaani hutanipokea wewe. Nimeliandika hilo nikalisoma mara mbili. Wewe uliyempokea baba yako kwa mikono yako, mimi utaletewa habari kwa simu. Utakuwa umesimama kwenye baridi huko, watu wanapita na baiskeli zao, na mama yako ameshafunikwa. Hutaona konzi moja ya udongo. Utakuwa kama nilivyokuwa mimi siku ile: mtu aliyebaki ndani, geti limefungwa.

Na hapo, mwanangu, utatamani vigae. Nakuhakikishia. Wewe msomi wa udongo, utapiga simu usiku kwa Shabani useme "baba mdogo, jenga, nitatuma hela." Usitume. Hamu hiyo si kipimo cha upendo, ni ile kiu ya mtu ambaye hakuona. Ikikushika njoo, hata kama ni mwaka mmoja baadaye. Piga magoti, chota udongo, ushike, hautakuwa mkavu. Utajua niko hapo.

Nimesikia bajaji imesimama nje. Ni wewe, unabishana na dereva, sauti yako naijua. Barua hii naitia kwenye mfuko wa begi ule wa pembeni, uisome ukiwa angani ambako huwezi kushuka kuja kubishana nami.

Basi ndivyo ninavyotaka. Nizikwe siku ile ile, wasikungoje. Nimeshasema, na Iddi na Shabani nitawaambia.

Lakini kama umeshapanda ndege, Rama, kama wameambiwa umeshatua Dar es Salaam na uko njiani, basi wangoje kidogo. Mpaka magharibi tu. Hapana, wasingoje, nimekwisha sema. Lo, sijui mwanangu. Wewe ukisikia, wewe njoo tu.

Mama yako,
Mariamu